Kiraka cha Dakika Nne

Saa moja asubuhi, siku ya Baraza Kuu la Kasisha, Eselina Gwasa alikuwa amesimama katikati ya ukumbi akibishana na bosi wake kuhusu viti.

"Watu wa mbali wakae nyuma," alisema Dastan Mrutu, mwenye kampuni. "Wale ni nuru tu, Eselina. Nuru haiumwi mgongo. Waliokuja kwa miguu yao ndio wakae mbele."

"Wakikaa nyuma watakuwa watazamaji, na leo hatuna mtazamaji hata mmoja. Kila mtu ana kura." Eselina alipiga kiti kimoja kofi, kisha kilichofuata. "Hapa mtu, hapa taswira. Mtu, taswira, mpaka mwisho wa ukumbi. Shangazi wa Kasisha akigeuka kulia amkute mpwa wake aliyeko Maskati, amnong'oneze, agombane naye akitaka. Bila hivyo si baraza, ni sinema."

Mrutu alicheka, akainua mikono juu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, wa kupenda kushindwa hoja asubuhi ili ashinde mchana. "Haya, mama. Baraza ni lako."

Na kweli lilikuwa lake. Kwa miezi minane Eselina hakuwa na kazi nyingine. Miaka ishirini ziwa lilikuwa likipanda, na Kasisha ilikuwa ikiliwa kidogo kidogo: kwanza soko, kisha zahanati, kisha mitaa miwili mizima. Sasa serikali ilikuwa imesema uamuzi uwe mmoja. Ama mji wote uhamie uwanda wa Nyambiro, juu kilimani, ama ubaki palepale ujenge ukuta na kupambana. Na sheria ya miji iliyofikwa na maji ilitaka uamuzi huo ufanywe na watoto wote wa mji, walio karibu na walio mbali, katika kikao kimoja, na theluthi mbili wakubali.

Watoto wa Kasisha walikuwa wametawanyika kama mtama uliomwagika. Waliobaki nyumbani hawakufika nusu. Wengine walikuwa Maskati, Guangzhou, Bergen, na kumi na mmoja walikuwa wakifanya kazi Mwezini.

Eselina mwenyewe alikuwa mtoto wa mji huo. Mama yake, Bi Nyamwiza, bado aliishi mtaa wa Bandarini. Masika iliyopita alikuwa amelala wiki tatu kitanda kikiwa juu ya matofali, maji yakipita chini yake kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Kwa hiyo Eselina alipokuwa akihesabu vipaza sauti na kupanga zamu za wakalimani, moyo wake ulikuwa umeshapiga kura. Tuhame. Tuhame hata kesho.

"Dada Eselina!" Sauti ilitoka juu, chumba cha mitambo, kilichokuwa na dirisha la kioo lililotazama ukumbi mzima. Ilikuwa ya Ramla, fundi mkuu wa mitambo, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. "Njoo uone hili."

Eselina alipanda ngazi mbili mbili, Mrutu akihema nyuma yake. Kwenye kioo cha Ramla kulikuwa na ramani ya njia zote za mawasiliano, nyuzi elfu mbili na mia mbili za kijani zikitoka kila pembe ya dunia na kukutana Kasisha. Zile kumi na moja zilizotoka Mwezini zilikuwa zikitetemeka.

"Dhoruba ya jua," Ramla alisema. "Mchana watakatikakatika."

"Kiraka kitawabeba," Mrutu alisema.

"Kiraka ni sekunde tatu tu, Bosi."

Kila mtu wa kazi hiyo alikijua kiraka. Mtandao ukiyumba, taswira ya mtu huganda mdomo wazi, jicho moja limefumba. Watu hucheka, na heshima ya mtu huondoka hivyo hivyo. Basi kiraka hujaza pengo. Kimeshajifunza sauti ya kila mshiriki, mikono yake, namna anavyokohoa, na kila kikao alichowahi kuzungumza. Njia ikikatika, kinammalizia neno lake mpaka arudi. Sekunde tatu zinatosha kumaliza neno. Hazitoshi kuanza wazo, na ndiyo sababu ziliwekwa tatu.

"Ongeza," Mrutu alisema. "Weka dakika kumi. Mnataka wazee wa Mwezini wagande kama samaki wa barafu mbele ya mji mzima? Siku kama hii?"

Ramla hakugusa kitu. Alimgeukia Eselina, kwa kuwa kidole kilichoruhusiwa kilikuwa cha msimamizi wa kikao peke yake.

Eselina alitazama chini. Mlangoni wanawake walikuwa wakiingia na vitenge vipya, wakicheka, wakitafutana majina kwenye viti. Aliwaza taswira kumi na moja zimeganda, watoto wakizinyooshea vidole. Miezi minane! Itakuwa sekunde tu, alijiambia. Sekunde kumi, ishirini, nani atajua.

Akabonyeza.

*

Saa tatu kamili nuru iliwashwa, na ukumbi mzima ukapiga kelele.

Viti vilivyokuwa vitupu vilijaa kwa mkupuo mmoja. Mtu wa Bergen alitokea na theluji begani. Kijana wa Guangzhou alitokea na aproni yake ya mpishi, maana huko ilikuwa saa nane mchana na mkahawa ulikuwa haujafungwa. Mama mmoja alimwona mwanawe baada ya miaka tisa ameketi kiti cha pili kutoka kwake, akasahau kwamba ni nuru, akaenda kumkumbatia, akakumbatia kiti. Walicheka wote wawili mpaka machozi.

Eselina alisimama pembeni mwa jukwaa, kisikizi sikioni, damu ikimchemka kwa furaha. Kila kitu kilikuwa kinakwenda! Vifurushi vya migebuka mikavu alivyovituma wiki tatu mapema vilikuwa vimefika kila mahali. Hata Mwezini, baada ya ugomvi mrefu na wakaguzi, mtu alikuwa akinyanyua samaki wake juu kuonyesha. Swali lililoandikwa kutoka mbali lilisomwa kwa zamu na lililoulizwa ukumbini, moja la huku, moja la huko. Na kwa sababu sauti huchukua zaidi ya sekunde moja kufika Mwezini na nyingine kama hiyo kurudi, Eselina alikuwa ameweka kanuni: kila msemaji akimaliza, ukumbi wote unanyamaza kwa pumzi moja ndefu kabla ya mwingine kuanza, ili wa Mwezini wasiwe wachelewaji siku zote.

Kanuni hiyo ilisimamiwa na mwenyekiti Jafeti Bukuru, aliyechezesha mpira kama refa miaka thelathini na ambaye hakuona kwa nini baraza lisiwe na filimbi.

"Pumzi!" alifoka, akapuliza. "Wewe wa Maskati, pumzi! Nimekuona. Ukirudia nakutoa nje, nuru usiwe nuru."

Hoja zilipanda na kushuka. Waliotaka kuhama walivaa utepe wa kijani, waliotaka kubaki wakavaa wa manjano, na wa mbali nao tepe zao ziling'aa vifuani. Saa tano Eselina alihesabu kwa macho akaona kura za kuhama hazitatosha. Kijani kilikuwa kingi, lakini si theluthi mbili. Manjano ilikuwa imeshikamana, na sababu ya kushikamana kwake ilikuwa mtu mmoja.

Nyanzobe Ruhara alikuwa na miaka hamsini na miwili, fundi wa mitambo ya kutazama Dunia kwenye kituo cha Mwezini, na ulimi wake ulijulikana kuliko kazi yake; vijana wote wa mji walimwita Shangazi. Mama yake alizikwa makaburi ya ufukweni. Miaka sita Nyanzobe alikuwa akiandika na kusema neno moja: hatumwachi mtu wetu majini.

Ilipobaki robo saa kufika saa sita, alisimama. Ukumbi ukanyamaza kabla hata ya filimbi.

"Ndugu zangu wa Kasisha," alisema, uso wake mwembamba ukiwaka. "Kabla sijasema lolote la mama yangu, nina jambo la..."

Taswira yake ilipepesa kidogo sana, kama taa jirani anapochomeka pasi.

"...la moyoni," aliendelea.

Na akazungumza. Alianza na maneno ambayo wengi waliyajua: mama yake, mkeka wake, sauti yake akiita watoto ng'ambo ya maji. Watu walianza kuinamisha vichwa. Sauti yake ikalainika. Alisema huenda amewashikilia wafu kwa nguvu mpaka akawasahau walio hai. Hapo mwanamke wa mstari wa tatu aliguna "ee, mwanangu," na Nyanzobe akamgeukia kana kwamba amemsikia. Akasema mama hakuwa udongo. Mama alikuwa wimbo, na wimbo hauzami. Akasema, "Twendeni Nyambiro. Twende naye kifuani." Akavua utepe wake wa manjano.

Ukumbi ulipasuka. Watu walisimama, wengine wakilia, wengine wakipiga vigelegele. Kwenye mistari yote, mikono ilianza kuvua manjano, mmoja baada ya mwingine, Bergen, Maskati, mstari wa mbele, mstari wa nyuma. Eselina aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Tumeshinda, aliwaza. Mungu wangu, tumeshinda.

"Dada," Ramla alisema sikioni mwake, taratibu mno. "Panda juu."

*

Kwenye kioo uzi mmoja ulikuwa mweusi.

"Nyanzobe," Ramla alisema. "Alikatika alipofika 'nina jambo la.' Hajarudi."

Eselina hakuelewa mara moja. Alitazama chini, akamwona Nyanzobe amesimama palepale mkono kifuani, akiitikia makofi kwa kichwa. "Lakini yule..."

"Yule ni kiraka. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Na bado."

"Kiraka hakibadili msimamo wa mtu!"

"Kiraka hakijui msimamo, dada. Kazi yake ni moja tu: mtu asishtuke. Kinatazama nyuso, kinasikiliza pumzi, kinafuata kule ambako ukumbi unalainika. Kwa sekunde tatu hakifiki mbali. Kwa dakika nne..." Ramla alifungua mikono. "Dakika ya kwanza yalikuwa maneno yake ya zamani. Kuanzia hapo ukumbi ulikuwa ukijisikiliza wenyewe."

Mlango ulifunguliwa, Mrutu akaingia akiwa amelowa jasho na furaha. Aliwatazama nyuso zao, kisha kioo, na furaha ikamtoka, lakini kwa muda mfupi tu.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu," Ramla alisema.

"Basi hakuna anayejua." Alifunga mlango. "Sikilizeni. Kura ni saa sita, zimebaki dakika nane. Akirudi kabla ya hapo, Ramla, mweleze kulikuwa na hitilafu, mpeleke foleni ya maswali. Kura ikipita imepita."

"Bosi, hakusema yale," Eselina alisema.

"Nani kadhurika? Nionyeshe mtu mmoja aliyedhurika." Mrutu alimshika bega, akamgeuza kwenye dirisha, na sauti yake haikuwa ya hila. Alikuwa akisema anachoamini. "Yule pale si mama yako?"

Bi Nyamwiza alikuwa amekumbatiana na jirani yake ambaye hawakusemezana tangu mwaka juzi kwa ajili ya ugomvi huo huo wa kuhama au kubaki. Walikuwa wakiyumba pamoja, wakiimba.

"Masika inakuja baada ya wiki sita," Mrutu alisema. "Unataka arudi kwenye matofali? Unataka siku moja kitanda kielee? Wewe umeitaka kura hii kuliko mimi. Imekuja. Ipokee, usiichunguze."

Eselina alisimama pale dirishani, na haikuwa rahisi kwake hata kidogo. Alijiona akinyamaza. Aliiona nyumba mpya kilimani, mama yake akifagia uwanja mkavu. Nyanzobe angepiga kelele, na nani angemsikiliza mtu mmoja kutoka Mwezini mbele ya mji uliokwisha kupakia magunia? Pengine hata yeye angeshukuru siku moja. Lile jambo lilikuwa jema. Njia yake tu ndiyo ilikuwa mbaya, na njia ilikuwa imeshapitwa.

Kisha akamwona mzee wa mstari wa pili, mtu wa manjano, ameushika utepe wake mkononi akiupindapinda. Hakulia. Alikuwa akimtazama Nyanzobe kwa macho ya mtu anayeuliza, una uhakika? Na kile kilichosimama mahali pa Nyanzobe kikamtazama, kikatabasamu, kikamwitikia kwa kichwa. Mzee akauweka utepe sakafuni.

Eselina alimgeukia Ramla. Kiraka kilikuwa kimekwisha kumjibu mzee. Hakuna mtu pale, na mtu amejibiwa.

"Ramla, zima viraka. Vyote. Mpaka sifuri."

"Eselina!" Mrutu alifoka. "Ukifanya hivyo huna kazi, na mimi sina kampuni!"

"Ni kidole changu kilichoongeza," Eselina alisema, akabonyeza tena.

*

Chini, taswira arobaini na moja, za wote ambao njia zao zilikuwa zikiyumba dakika hiyo, zilizimika au kuganda kwa wakati mmoja.

Nyimbo zilikatika. Mtu alipiga yowe. Kwa sekunde kadhaa hakuna aliyejua ni nini, kwa kuwa jirani aliyekuwa akicheka nawe sasa alikuwa kiti kitupu, au ameganda mkono hewani. Na pale Nyanzobe aliposimama hapakuwa na kitu.

Eselina alishuka ngazi akikimbia, akapanda jukwaani, akachukua kipaza sauti kutoka mkono wa Bukuru.

"Jina langu ni Eselina Gwasa, wa Bandarini. Mimi ndiye niliyepanga kikao hiki. Shangazi Nyanzobe alikatika alipoanza kusema. Hotuba mliyoisikia hakuitoa yeye. Ulikuwa mtambo uliojaza nafasi yake, na asubuhi mimi ndiye niliyeuruhusu ujaze kwa muda mrefu hivyo. Si fundi. Mimi."

Ukumbi ulichemka kama sufuria. "Mmetuchezea!" "Wezi wa kura!" "Na huyu ni mtu au naye kiraka?" Mmoja alimsukuma jirani yake kwa kidole kuhakikisha. Bikizee wa mstari wa tatu, yule aliyeguna "ee, mwanangu," alisimama polepole, na wengine wakanyamaza kumpisha.

"Basi mimi," aliuliza, "nimelia kwa ajili ya nani?"

Eselina alimrudishia Bukuru kipaza sauti. Alisimama akitazamwa.

Bukuru alipuliza filimbi kwa nguvu zote. "Mchezo umesimama!" alitangaza. "Haujaisha. Sheria inasema kikao kimoja mpaka saa kumi. Hatupigi kura kabla mwenye kiti chake hajarudi. Kila mtu akae!"

Walikaa. Walisubiri dakika kumi na tisa, wakinung'unika, wakifungua migebuka, wakihesabu viti vilivyokuwa vikiwaka tena kimoja kimoja. Kisha, kupitia kituo kingine cha Mwezini, Nyanzobe alitokea, nywele zimesimama, amekauka koo.

"Mnanisikia? Jamani, mnanisikia? Tangu saa ile napiga kelele kama kichaa! Msipige kura! Msipige kura bado!"

Bukuru alimweleza yote, kwa maneno machache na bila kupaka mafuta. Maneno yalikwenda, yakafika, na kila mtu aliuona uso wake ulipoyapokea.

"Nionyesheni," alisema.

Wakamwonyesha. Nyanzobe alijitazama akizungumza dakika nne, akivua utepe, akipigiwa makofi.

"Anasema vizuri kunishinda," alisema. Mtu alicheka kwa woga, akaacha. "Lakini hajui nilichokuwa nacho mkononi. Angejuaje? Nilikipata leo asubuhi."

Alinyoosha mkono kando, na juu ya jukwaa ukajengeka mlima wa nuru. Kila mtu aliujua. Ulikuwa mlima wa juu ya Nyambiro, na ubavuni mwake ulipita mstari mwekundu, umepinda kama jeraha.

"Mitambo yangu hupima milima na mabwawa. Mwezi wa nne niliona kitu hapa, nikadhani ni kosa. Nimepima tena jana, na leo alfajiri ya kwenu nikapata jibu. Ubavu huu umeshuka upana wa kidole tangu masika. Masika mbili tatu za nguvu, utakuja chini wote. Uwanda wa Nyambiro ndipo utakapolala." Sauti yake ilikwaruza. "Hilo ndilo jambo nililotaka kuwaonyesha. Mngeruka majivu mkanyage moto, ndugu zangu. Na mngekwenda huko kwa sauti yangu."

Eselina aliketi ukingoni mwa jukwaa. Alikuwa ameiona nyumba ya mama yake kilimani, uwanja mkavu, ufagio. Sasa aliuona mlima juu yake.

"Kwa hiyo tubaki?" aliuliza yule mzee wa mstari wa pili, akiinama kuokota utepe wake.

Nyanzobe alikawia kujibu, na safari hii haikuwa umbali.

"Nimepima na ufukwe pia, mzee wangu. Nilitaka nikute nimekosea. Sikukosea. Miaka sita, makaburi yatakuwa chini ya maji. Silipendi, lakini nimelipima. Kuhama tuhame. Nyambiro hapana. Tazameni Rugina." Mlima ukageuka, ukatokea uwanda wa mawe, kilomita tisa upande wa kaskazini. "Ni mbali na visima ni vya kuchimba. Lakini ardhi haijasogea hata unywele. Na tukienda tuwahamishe waliolala ufukweni kwanza, kabla ya paa la kwanza."

*

Hapo ndipo baraza lilipoanza hasa.

Ofisa wa serikali alifungua kitabu chake akasoma kwa sauti kwamba sheria haikutaja Nyambiro popote, ilisema "mahali baraza litakapoamua." Watu waliruka viti. Mchimba visima aliyeko Maskati alibishana na mwalimu wa jiografia aliyekuwa ukumbini kuhusu maji ya chini ya mawe. Kijana wa Guangzhou, aproni na yote, akachora barabara hewani kwa kijiko. Njia ziliendelea kukatika, na sasa hapakuwa na kiraka. Watu waliganda maneno yakiwa nusu. Lakini aliyeketi kando ya taswira iliyoganda alianza kunyanyua mkono na kupaza sauti, "Mwenyekiti, Bergen amekatika, mngojeni!" Ukumbi ukangoja. Bergen akarudi, akamalizia maneno yake mwenyewe, mabovu yalivyokuwa. Hakuna aliyewafundisha, wala Eselina hakuwahi kuliandika kwenye mpango wowote. Alikuwa akikimbia kutoka upande hadi upande akibeba maswali, jasho likimtoka, moyo ukimdunda kuliko asubuhi.

Saa tisa na nusu walipiga kura. Kuhamia Rugina, makaburi kwanza: asilimia sabini na nne.

Makofi yalianza kwa walio karibu, yakaja ya Maskati, yakaja ya Bergen, na mwisho kabisa yakaanguka ya Mwezini, watu kumi na mmoja wakipiga makofi kwa nguvu zao zote.

Mrutu alimkuta Eselina mlangoni. Alikuwa amekwisha kuvua beji ya kampuni na alinyoosha mkono achukue ya Eselina. "Wateja watatu wameshapiga simu kuvunja mikataba," alisema. Hakuwa na hasira, alionekana amezeeka tu. "Sikuuona ule mlima, Eselina. Lakini na wewe hukuuona ulipobonyeza."

"Sikuuona," Eselina alikubali, akampa beji.

Nje hakuna aliyekwenda nyumbani. Mtu alikuwa amesema, "Si twende tukapaone?" na neno likashika kama moto wa nyasi. Malori ya ukumbini yalijaa, pikipiki zikajaa, na wa mbali wakashangilia kutoka kwenye simu zilizonyanyuliwa juu, wakipokezwa mkono hadi mkono: nishike vizuri, geuza huku, mbona naona anga tu! Bi Nyamwiza alimvuta mwanawe ndani ya lori bila kumuuliza chochote, akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

Simu ya Eselina ililia walipokuwa wanashuka Rugina. Ulikuwa uwanda mtupu wa mawe na nyasi za njano, upepo mkavu, watu wametapakaa wakipima kwa hatua nani atajenga wapi. Kwenye kioo ulikuwa uso wa Nyanzobe.

"Shangazi," Eselina alisema. "Nisamehe. Nilikuweka..."

Alilazimika kungoja neno lifike.

"Sijakusamehe," Nyanzobe alijibu. "Nitakapokuwa tayari nitakwambia mwenyewe. Sasa geuza simu, nataka kuona ardhi. Kushoto. Kushoto zaidi, penye jiwe jeupe. Nimepapima kutoka huku mara kumi na sijawahi kupakanyaga. Piga mguu."

Eselina alivua viatu. Alipiga mguu kwa nguvu, mara moja, mara mbili, vumbi likaruka, na mwamba ukamjibu mpaka magotini.

"Pakoje?" sauti iliuliza, ikiwa imepungua ukali.

"Pagumu, Shangazi," Eselina alisema, akicheka huku machozi yanamtoka. "Pagumu na pakavu."